Kanyaga, Baba

"Kanyaga, baba!"

"Nimekanyaga!"

Gurudumu la nyuma likaendelea kuzunguka juu ya jeki kana kwamba halijaambiwa kitu. Fundi, binti wa mzee aliyekaa kwenye usukani, alilisimamisha kwa kiganja chenye grisi, akalizungusha upya.

Asubuhi nzima alikuwa na gari hilo. Baba yake alilinunua kabla binti hajazaliwa, ndiyo maana alipenda kumwambia kwamba ni kaka yake. Sasa mzee aliapa kuwa breki zimemgomea sokoni. Binti akafungua ngoma za breki zote nne, akasugua kutu, akabadilisha springi, akatoa hewa kwenye mabomba. Alipoliendesha mwenyewe mpaka kona, lilisimama kama punda aliyesusa.

Getini wanawe walishabeba mikoba. "Babu, twende!"

"Hebu subirini!" aliwafokea. "Baba, kanyaga tena. Kwa nguvu zako zote."

"Mwanangu, nimeshindilia mpaka chini!"

Gurudumu lilizunguka. Fundi akainuka, akachungulia mlangoni. Kiatu cha baba, kilichong'arishwa kwa safari, kilikuwa juu ya pedali, pale pale panapotakiwa. Goti lilimtetemeka ndani ya suruali na mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama. Pedali haikuwa imeshuka hata unene wa kucha.

"Haya, daktari," mzee alimtabasamia, jasho likimtiririka, "umeuona ugonjwa wa kaka yako?"

"Nimeuona, baba."

Akapitisha mkono chini ya usukani, akachomoa ufunguo na kuufumbata.