Nastahili

"Ukifika ndani usiseme sana, mama," binti alinong'ona.

"Nikiulizwa nitajibu. Mdomo huu sikuuazima."

Foleni ya ofisi ya ufadhili ilisogea hatua moja. Mama alikuwa dobi, mjane mwenye mashine mbili za kufulia na leseni ya biashara, na dawa za madoa zilikuwa zimemchubua vidole. Hakupenda kubahatisha. Wiki nzima alisisitiza wajue kwanza kama wanastahili ndipo waombe. Kujaza fomu bila kujua masharti, alisema, ni kuloweka suruali bila kupekua mifuko.

"Nilishakuja kuuliza," binti alimjibu kila mara. "Nastahili."

Sasa tangazo lilikuwa mbele yao ukutani: mtoto wa mzazi mwenye biashara yenye leseni hafadhiliwi. Mama akalionyesha kwa kidole.

"Hili uliliona?"

"Niliona. Twende, zamu yetu."

Karani alifungua faili la binti, akasoma, akavua miwani.

"Poleni sana."

"Tushapoa, baba. Foleni tu hiyo," mama alijibu. "Tuambie ukweli, tusipotezeane muda. Anastahili au hastahili?"

"Anastahili kabisa. Hata kipato cha nyumbani hatukiulizi. Ada, chumba, vitabu, mpaka amalize chuo."

Mama almanusura apige kigelegele mle mle ofisini. Kumbe tangazo lilihusu wengine!

"Na wewe, mama, ni nani wake?"

Alifungua mdomo. Binti akamuwahi.

"Mama mdogo."

Mama alimgeukia. Binti alikuwa amekodolea macho kalamu ya karani. Ananionea haya, mama aliwaza, na mikono ikajificha yenyewe chini ya meza. Miaka kumi na tisa ya kufua mashuka ya watu ili yeye avae nyeupe, leo anamkana mbele ya mtu! Hasira aliimeza. Ufadhili kwanza, mengine watayamaliza nyumbani.

"Mama mdogo ni mama," karani alisema. "Wengi hukimbia mzigo. Wewe tia saini hapa kama mlezi, halafu hapa, kwenye nakala ya cheti cha kifo cha dada yako."

Aliivuta karatasi karibu, akitafuta pa kusaini. Majina ya marehemu yalikuwa matatu, yamechapwa bila kosa hata la herufi moja, na yote yalikuwa yake.