Chuma cha Watu

Bi Hidaya, muosha maiti wa mtaa, alilikamua tumbo la marehemu polepole kama ilivyo desturi. Mara mkono ukasita chini ya kovu la upasuaji.

"Bi Tatu, hebu shika hapa."

Bi Tatu, aliyekuwa akimmwagia mwanawe Salha maji, aliweka kata chini akagusa. Salha alikuwa amekonda mno, na chini ya ngozi kulikuwa na kitu kirefu, kigumu, chenye pete mbili mwishoni.

"Mkasi," Bi Tatu alinong'ona.

Tangu alipozaa kwa kupasuliwa, Salha alilia kwamba kuna kitu kinamchoma. Mama yake ndiye aliyemwambia, "Acha kudeka! Wenzio wanazaa na maji wanateka."

"Nipe wembe, Hidaya."

"Astaghafirullah! Maiti hapasuliwi, shoga yangu. Anaumia kama mimi na wewe."

"Ameshaumia. Mwanangu hazikwi na chuma cha watu."

Nje wanaume walibisha hodi. "Jamani, bado tu? Jeneza linangoja!"

Walimhamishia Salha kwenye sanda, Bi Hidaya akaanza kumfunika, upande mmoja, kisha wa pili. Mkono wa Bi Tatu ulibaki ndani, juu ya kovu.

"Toa mkono, mwenzangu. Tumfunge."

Mlango uligongwa tena, safari hii kwa nguvu. Bi Tatu hakuutoa mkono. Chini ya kiganja chake, mahali palipokuwa baridi palianza kupata joto la mkono wake.