Glasi ya Maji Mezani

Kibwana alikata kona ya mwisho, akakanyaga breki. Pale kando ya mto, mahali palipokuwa siri yake na marehemu mkewe, palijaa magari ya kulala, yenye vitanda na majiko ndani kama lake. Alikuwa amemwonyesha mahali hapo mtu mmoja tu, rafiki yake Shebe, tena kwa kumwapisha.

Mwanamke mmoja alimjia akitabasamu.

"Shikamoo, mzee. Geuza gari lielekee njia ya kutokea, mvua ikinyesha usikwame. Halafu weka glasi ya maji mezani. Maji yakilala upande, ingiza ubao chini ya gurudumu."

Hayo yalikuwa maneno ya Kibwana mwenyewe, neno kwa neno.

"Marahaba. Nani kakufundisha?"

"Mzee Shebe. Yule pale motoni, anayesimulia." Mwanamke akashusha sauti. "Hapa walipagundua yeye na marehemu mkewe. Kila akimtaja Mwanasiti, machozi yanamtoka, maskini."

Mke wa Shebe alikuwa hai na mzima. Juzi tu Kibwana alikunywa chai kwake. Mwanasiti alikuwa mke wa Kibwana.

Kule motoni Shebe aligeuka, akaliona gari. Mkono aliokuwa ameuinua ukabaki hewani.

Kibwana hakushuka. Alihamia nyuma, akajaza glasi, akaiweka mezani. Maji yalilala upande. Ubao ulikuwa miguuni pake, lakini hakuugusa.

Kisha mtu akakanyaga ngazi ya mlango, na maji yakatikisika.