Mama wa Arobaini na Moja

Mji ule ulikuwa na sheria: orodha ya kazi zako inakaa kwenye kioo cha mlangoni, imepangwa kuanzia ya muhimu hadi ya mwisho, na mgeni anaisoma kabla ya kupiga hodi. Elinazi aliipenda sheria hiyo. Alijua kupanga, bwana, mpaka majirani wakamwonea kijicho.

Jumamosi asubuhi alifungua mlango akamkuta mama yake, kaja kutoka Same na hotipoti la makande, miwani puani, kidole kiko chini kabisa ya kioo.

"Shikamoo, mama! Mbona hukupiga hodi?"

"Marahaba. Nilikuwa najitafuta, baba, na nimejiona. 'Kumpigia mama simu', ya arobaini na moja. Na huyu Chiku wa nafasi ya tisa ni nani?"

"Paka, mama. Anakatwa kucha."

"Ana bahati."

Elinazi alikivamia kioo akamsukuma mama yake hadi juu. Alisahau kwamba mlango hutangaza kila badiliko, na mtaa mzima ukasikia: "Kumpigia mama simu sasa ni ya kwanza. Sababu: mama yuko mlangoni."

Jirani aliyekuwa akianika nguo alikohoa kuficha kicheko.

"Usihangaike, mwanangu," mama alisema, akimkabidhi hotipoti. "Si tumeshaongea?" Akaugusa mstari wake, akaufuta, akaanza kushuka ngazi.

"Hongera, Elinazi!" mlango ukashangilia. "Umebakiza arobaini."