Bweha Aliyewekwa Kuwachunga Mbwa Mwitu

Maharage yangu hayajachambuliwa, nanyi mnataka hadithi. Haya, kaeni, mnyamaze.

Ukoo wa Mbuzi ulimweka Bweha awafuatilie mbwa mwitu waliohamia kwenye ardhi yao. Aliwafuatilia masika hata kiangazi. Kila mwanambuzi alipopotea, Bweha alisema, "Ni wale wale, Bibi Mbuzi. Nimewaona kwa macho yangu."

Mwishowe Bibi Mbuzi akamwita Nyati alikanyage pango lao, watoto wakiwa humo humo. Bweha akawaongoza wote wawili.

Wakubwa walikuwa mawindoni. Mbwa mwitu mkubwa akirudi ameshiba, watoto humlamba mdomo mpaka awatapikie nyama. Basi wale wadogo wakatoka mbio, wakamvamia Bweha, wakamlamba.

"Waondoe, mzee, wananitekenya."

"Waache," Nyati akasema. "Watoto wana njaa."

Bweha akatapika. Ukatoka mguu wa mwanambuzi, pamoja na kwato zake.

Bibi Mbuzi akautazama. "Huyu ni wangu aliyepotea jana."

Nyati hakukanyaga pango. Alimwamuru Bweha apite hapo kila jioni alambwe mdomo. Chochote alichokula kikawa cha watoto, naye akalala njaa mpaka walipokua.