Kipimo Alichokinyamazia Zipora

Zipora alipitisha ukucha juu ya tofali la darasa jipya walilojengewa watoto wa Minago na wazazi wao, nalo likamomonyoka. Unga wa kijivu ukamwagikia viatu vyake.

"Nilifuata makala yako, Dokteri," fundi alisema kwa fahari. "Nusu simenti, nusu majivu ya maganda ya chikichi. Batoto wataingia siku ya Lundi. Iko muzuri?"

Watafiti zaidi ya mia tatu walikwisha kuinukuu makala ile katika kazi zao, na kwa sababu yao chuo kilimpandisha Zipora cheo. Lakini mwaka juzi, akirudia hesabu zake, aligundua kuwa kipimo alikikosea: majivu yalipaswa kuwa robo tu. Hakumwambia mtu.

"Ubomoe," Zipora alisema.

"Nibomoe? Wazazi walibeba muchanga wa ziwa kwa vichwa vyao, Dokteri. Nitawaambia nini?"

Zipora alijifuta vumbi kidoleni kwa ncha ya kitenge, polepole, mpaka ukucha ukang'aa. Hakumtazama fundi usoni.

"Uwaambie ulikosea kuchanganya."