Upande Usio na Maandishi

Nusrat alipofungua kikopo cha mafuta ya breki, mpira wa kifuniko ulikuwa umevimba na kulainika kama andazi lililolowekwa kwenye chai.

Mashindano ya mbio za magari ya Buhongwa yangeanza baada ya saa mbili. Gari lake la mashindano ndilo hilo hilo alilokuwa akiendea kazini, na fundi wake siku zote alikuwa baba yake, mwenye gereji.

"Baba, juzi uliweka mafuta gani?"

"Yale uliyotaka. Yanastahimili joto la mashindano, na mjini yanafaa." Mzee aliokota chupa, akaisogeza karibu na uso, akasoma bila kusita: "Mafuta ya breki, DOT 4."

Maandishi yalikuwa yamemwelekea Nusrat. Yalisomeka mafuta ya usukani, yale yanayoharibu mipira ya breki.

"Umeanza lini kutoona, baba?"

Kidole gumba cha mzee kilipapasa plastiki tupu.

"Tangu Ramadhani. Daktari amesema macho yangu hayatibiki."

Nusrat aliweka helmeti chini. "Na tangu Ramadhani umegusa breki za magari mangapi?"

Mzee alianza kuhesabu kwa vidole. Alipomaliza mkono wa kulia, akahamia wa kushoto.